Je, Wajua? Mpira Huanzia Kichwani

Je, wajua kwamba kipindi cha michezo cha dakika 40, chenye watoto 60 na mpira mmoja, kinampa kila mtoto sekunde 40 tu za kuugusa? Piga hesabu mwenyewe: dakika 40 ni sekunde 2,400, gawa kwa 60. Na hapo tumekubali kwamba mpira haukutoka nje hata mara moja wala haukupotelea migombani!

Sasa ongeza mipira mitano ya majani makavu ya migomba, ile ambayo watoto wa Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, huifunga wenyewe kwa kamba za mgomba. Mipira imekuwa sita, na sekunde 40 zimegeuka dakika 4 kwa kila mtoto. Mara sita, ndugu msomaji, na hakuna shilingi iliyotoka mfukoni.

Na mpira huo wa migomba haudundi sana. Kwa anayeanza hiyo ni bahati: mpira unatulia karibu na mguu, naye anapata nafasi ya kuinua macho atazame nani yuko wazi. Huko ng'ambo walimu wa michezo hununua mipira laini, mizito kidogo, isiyoruka ovyo, kwa sababu hiyohiyo.

Je, wajua kwamba uwanja wa kimataifa wa mita 105 kwa 68 una mita za mraba 7,140? Ukiukata viwanja vya chandimu, ule mpira wa mitaani, vya mita 20 kwa 15, unapata 22, na eneo linabaki. Weka watoto watatu kwa watatu kila kiwanja: watoto 132 wanacheza kwa wakati mmoja, pale ambapo wangecheza 22!

Haya, watoto wamepata mpira. Wafundishweje? Hapo ndipo walimu wa michezo duniani wamekuwa wakibishana kwa zaidi ya miaka 40. Kundi la kwanza linasema: panga foleni, kila mtoto apige pasi mpaka azijue, ndipo acheze. Kundi la pili linasema: anza na mchezo mdogo, mwache aone shida yenyewe, muulize maswali, na stadi umfundishe pale anapoihitaji. Mimi niko na kundi la pili, tena kwa moyo wote, na ukifika mwisho wa safu hii utajua kwa nini.

Je, wajua kwamba makala iliyowasha moto huo ilikuwa ya kurasa 4 tu? Iliandikwa mwaka 1982 na David Bunker na Rod Thorpe, wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Loughborough, Uingereza. Walikuwa wameona vijana wakimaliza sekondari wakijua kupiga mpira vizuri, lakini ukiwaweka kwenye mechi hawajui waende wapi.

Mpango wao una hatua 6: mchezo wenyewe, kuuelewa mchezo, kutambua mbinu, kuamua la kufanya, stadi, kisha utendaji. Hebu hesabu tena kwa vidole. Stadi, ile ambayo vipindi vingi huanza nayo, imekaa nafasi ya tano!

Tena hatua ya kuamua ina maswali mawili ndani yake, sio moja. Nifanye nini? Nifanyeje? Mtoto anaweza kujua kabisa namna ya kupiga pasi ndefu, na bado asijue kwamba sasa hivi hapaswi kuipiga.

Waitu, sikiliza hii. Michezo ya mipira ni mingi mno duniani, lakini walimu wa njia hii waliweza kuigawa karibu yote katika familia 4 tu. Kuna ya kuvamia lango la mwenzio, ya wavu na ukuta, ya kupiga na kudaka, na ya kulenga shabaha. Familia nne, basi!

Maana yake netiboli na soka ni ndugu wa tumbo moja. Msichana aliyejifunza kumkimbia mlinzi na kutokea kwenye nafasi wazi katika netiboli ana kitu cha kupeleka kwenye soka, hata kama mguu wake bado haujazoea. Mpira wa kikapu na mpira wa mikono wamo nyumba hiyohiyo.

Na hili si maneno matupu. Mwaka 1999 watafiti Mitchell na Oslin wa Marekani waliwafundisha wanafunzi mbinu za mpira wa vinyoya, kisha wakawapeleka kwenye mchezo mwingine wa wavu unaochezwa kwa vibao. Mbinu zilihama nao! Walichokielewa huku walikitumia kule.

Tukiwa hapo kwenye vinyoya: je, wajua kwamba ukiubana uwanja wake uwe mwembamba na mrefu, mtoto hugundua mwenyewe kwamba ampeleke mpinzani nyuma kisha amvute mbele? Hakuna aliyemwambia. Umbo la uwanja limemwambia.

Netiboli ndiyo inayonishangaza kuliko yote. Mchezaji haruhusiwi kukimbia na mpira, ana sekunde 3 tu za kuuachia, na mlinzi lazima asimame angalau mita 0.9 kutoka kwake. Sheria tatu hizo zinawalazimisha wale sita wasio na mpira wafanye kazi yote ya kufikiri: nani anatoka, nani anabaki, nani anaziba. Soka la shuleni humwacha mtoto mmoja mwenye kasi akimbie na mpira mpaka langoni huku wenzake wakimtazama. Netiboli haimpi nafasi hiyo hata kidogo. Ukitaka kuona darasa la kufikiri likiendeshwa na kitabu cha sheria chenyewe, kaa pembeni ya uwanja wa netiboli wakati wa mashindano ya shule za msingi, UMITASHUMTA, au ya sekondari, UMISSETA, uwatazame wasio na mpira.

Je, wajua kwamba kwenye chandimu watoto hurekebisha mchezo wao bila mwalimu? Timu moja ikizidi, mchezaji mkali anahamishiwa upande wa pili. Magoli yakiwa rahisi, mawe yanasogezwa karibu zaidi. Wataalamu wa vyuo vikuu huandika sura nzima za vitabu juu ya jambo hilo, na nyuma ya nyumba za Omurushaka, Karagwe, linafanyika kila jioni.

Na rede je? Wawili wanarushiana mpira, wa katikati anakwepa huku akijaza mchanga kwenye chupa. Jicho moja kwa mrushaji, mkono mmoja kwa mchanga, na uamuzi kila sekunde: niongeze mchanga au nikimbie? Msichana wa miaka tisa anaamua hayo yote bila kusimama.

Bao nalo lina mashimo 32 na kete 64. Kwenye bao la Kiswahili kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni na 22 mkononi, na mtu hulijua kwa kukaa, kutazama na kucheza. Hakuna anayefanyishwa mazoezi ya kudondosha kete mwezi mzima kabla ya kuruhusiwa kucheza!

Vuka Mto Kagera uende Rwanda, utakuta igisoro: mashimo 32, kete 64. Panda Uganda utakuta omweso: mashimo 32, kete 64. Kyerwa inapakana na nchi zote mbili, kwa hiyo mtu wa huku amezungukwa na mchezo wa kufikiri pande zote. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikuwa mpenzi wa bao.

Je, wajua kwamba mazoezi yanayoonekana mabaya yanaweza kuwa ndiyo mazuri? Mwaka 1979 Shea na Morgan waliwapa watu miondoko mitatu ya mkono. Kundi moja likarudia mwondoko mmoja mpaka uishe, la pili likachanganya yote mitatu. Waliochanganya walifanya vibaya zaidi siku ya mazoezi. Siku 10 baadaye, wao ndio waliokumbuka vizuri!

Ngoja, kuna kubwa kuliko hiyo. Mwaka 1978 Kerr na Booth waliwapa watoto wa miaka 8 vifuko vidogo vya kurusha. Kundi moja lilifanya mazoezi kwa umbali wa futi 3 tu. Kundi la pili lilirusha kwa futi 2 na futi 4, halikugusa futi 3 hata siku moja. Siku ya mtihani wote wakapimwa kwa futi 3. Nani alishinda, unadhani? Wale ambao hawakuwahi kuufanyia mazoezi umbali huo!

Rudia kusoma hapo ukipenda, nami nilirudia. Mtoto anayepiga pasi ya mita tano kwenye foleni, ileile, mara mia, anajifunza kitu kimoja. Anayepiga za mita tatu, saba na kumi na mbili, huku mtu anamkimbilia, anajifunza kupima.

Je, wajua kwamba kichwa kinawahi kukomaa kuliko mguu? Mwaka 1987 watafiti French na Thomas waliwafuatilia watoto kwa msimu mzima wa mpira wa kikapu. Maamuzi yao uwanjani yaliboreka, lakini kudundisha mpira na kutupia kikapuni kulibaki nyuma. Watoto walishajua la kufanya kabla mikono haijaweza.

Na mchezaji mzoefu huona uwanja tofauti na wewe. Mwaka 1980 wachezaji wa kikapu wa Kanada walioneshwa picha za mechi kwa muda mfupi, kisha wakaambiwa waseme kila mchezaji alisimama wapi. Kwa picha za mashambulizi yaliyopangika waliwaacha mbali wasiocheza. Kwa picha za vurugu tupu, tofauti ikayeyuka. Si kwamba wana macho makali, wanausoma mchezo.

Kipa analijua hili vizuri. Penalti hupigwa kutoka mita 11, na mpira wenye kasi ya kilomita 100 kwa saa hufika langoni kwa sekunde 0.4 hivi. Lango lina upana wa mita 7.32. Akisubiri mpira uondoke ndipo aamue, amechelewa tayari. Lazima asome nyonga na mguu wa mpigaji kabla.

Sasa ule ugomvi wa foleni na mchezo. Je, wajua matokeo? Tafiti nyingi za miaka ya 1990 zililinganisha makundi mawili, na mara nyingi kwa upande wa stadi yalitoka karibu sawa. Wengine walilia kwamba njia mpya haijashinda. Lakini tazama vizuri, jirani: watoto waliotumia sehemu kubwa ya kipindi wakicheza hawakuachwa nyuma kwa stadi na wale waliokaa kwenye foleni! Na mwaka 1999 Turner na Martinek walipoijaribu njia hiyo kwenye mpira wa magongo, waliofundishwa kwa mchezo walitawala mpira vizuri zaidi na kuamua pasi vizuri zaidi.

Foleni nayo ina mahali pake, tuseme kweli. Mtoto asiyeweza kabisa kudaka mpira hawezi kufikiri juu ya mbinu, maana mawazo yote yako kwenye mpira usimponyoke. Ndiyo maana Bunker na Thorpe hawakuifuta stadi. Waliisogeza tu ifike pale mtoto anapoitamani.

Njia zenyewe sasa zimezaana. Katikati ya miaka ya 1990 Thorpe alialikwa Australia, na huko ikazaliwa ile wanayoiita Game Sense, ambayo makocha wake hutumia maswali kuliko maelekezo. Mwaka 1999 Singapore iliingiza njia ya kufundisha kwa mchezo kwenye mtaala wa shule za nchi nzima. Nchi nzima, kwa mpigo mmoja!

Marekani, Daryl Siedentop alichukua njia nyingine kabisa. Katika mpango wake darasa linakuwa ligi: timu zinakaa pamoja msimu mzima, na watoto wenyewe ndio makocha, waamuzi, watunza takwimu, hata waandishi wa habari. Kitabu chake kilitoka mwaka 1994. Mtoto asiyependa kukimbia anaweza kuwa mwamuzi anayeheshimika kuliko mfungaji.

Na hapa jirani, Nairobi, kuna ligi iliyoenda mbali zaidi. Chama cha vijana cha Mathare, MYSA, kilichoanzishwa mwaka 1987, huzipa timu pointi kwa kusafisha mtaa. Kushinda mechi ni pointi 3. Kufanya usafi ni pointi 6!

Muska Mosston, yeye, alianza mwaka 1966 kupanga mitindo ya kufundisha kutoka ule wa amri, ambapo mwalimu anaamua kila kitu, hadi ule ambapo mwanafunzi anajifundisha mwenyewe. Leo orodha hiyo ina mitindo 11. Wewe shuleni ulifundishwa kwa mingapi?

Je, wajua kwamba hata Wajerumani walishafikia wazo hili mapema? Katika miaka ya 1960 Friedrich Mahlo wa Ujerumani Mashariki aliandika kwamba tendo la mchezaji lina sehemu tatu: kuona, kutatua kichwani, kutenda. Foleni inafundisha ya tatu na kuziruka mbili za mwanzo.

Ubelgiji waliamua kuyafanya haya kwa vitendo. Chama chao cha soka kiliwapunguzia watoto idadi uwanjani: wawili kwa wawili, kisha watano, kisha wanane, ili kila mtoto aguse mpira na aamue. Mwaka 2007 timu yao ya taifa ilikuwa ya 71 duniani. Novemba 2015 ilikuwa ya 1!

Kenya walionesha thamani ya nafasi kwa namna yao. Raga ya wachezaji saba huchezwa kwenye uwanja uleule wa wachezaji 15, kwa hiyo nafasi wazi iko kila upande na kila kosa la kusimama vibaya huadhibiwa. Aprili 2016, huko Singapore, Kenya ilibeba kombe kwa kuwafunga Fiji, wafalme wa mchezo huo, 30 kwa 7.

Huku kwetu, Serengeti Girls mwaka 2022 walikuwa timu ya kwanza ya Tanzania kucheza Kombe la Dunia la FIFA. Wasichana wa chini ya miaka 17! Waliwafunga Ufaransa 2-1, wakatoka sare na Kanada, wakafika robo fainali.

Na Filbert Bayi, ambaye kila mtu anamkumbuka kwa miguu, alishinda kwanza kwa uamuzi. Tarehe 2 Februari 1974, Christchurch, wakimbiaji wengi wa mita 1,500 walizoea kusubiri mzunguko wa mwisho. Yeye aliongoza tangu bunduki ilipolia, akawalazimisha wote wakimbie mbio zake. Dakika 3 sekunde 32.2, rekodi ya dunia, akiwa na miaka 20. John Walker wa pili naye aliipita rekodi ya zamani, na bado akashindwa!

Don Bradman wa Australia alijifunza kriketi bila kocha, utotoni kule Bowral. Alipiga mpira mdogo wa gofu kwa kijiti chembamba cha wiketi, ukigonga tangi la maji na kurudi kila mara kwa pembe isiyotabirika. Alimaliza mechi zake za kimataifa na wastani wa mikimbio 99.94, na hakuna aliyemkaribia mpaka leo.

Je, wajua mchezo ambao wachezaji wote hufungwa macho? Ni mpira wa goli, uliobuniwa mwaka 1946 kwa ajili ya askari waliopoteza macho vitani. Wachezaji watatu kwa watatu, mpira wa kilo 1.25 wenye kengele ndani, na watazamaji lazima wanyamaze. Watoto wasioona hucheza mpira huu kwenye UMITASHUMTA, na ukimfunga kitambaa anayeona akaingia nao, utashangaa nani anausoma uwanja.

Sasa hili nimelitunza. Mpira wa kikapu, mpira wa wavu na mpira wa mikono: mitatu yote ina walimu nyuma yake! William Morgan alibuni wavu mwaka 1895. Holger Nielsen, mwalimu wa Denmark, aliandika sheria za mpira wa mikono. Na James Naismith, mwalimu wa Springfield, Marekani, Desemba 1891 alikuwa na vijana 18 waliochoshwa na mazoezi ya ndani, kiangazi kiko mbali na baridi haiwatoi nje. Akatundika vikapu viwili vya matunda, akaandika sheria 13, akawagawa tisa kwa tisa. Mechi ya kwanza ikaisha 1-0.

Naismith aliishi mpaka akauona mchezo wake kwenye Olimpiki ya Berlin mwaka 1936. Fainali ilichezwa nje, kwenye viwanja vya udongo vya tenisi, na mvua ikanyesha. Ukishacheza kwenye udongo mwekundu wa Karagwe wakati wa masika unajua kilichofuata: mpira ulikataa kudunda. Kudundisha kukafa, na wachezaji wa fainali wakabaki na jambo moja tu la kufanya, kutafuta aliye wazi na kumrushia. Kipindi cha pili kila timu ilipata pointi 4 tu. Marekani 19, Kanada 8.